Nzi Wanaosoma Saa ya Kiswahili

Mlangoni mwa kabati la joto palibandikwa karatasi yenye safu sita: ZT0, ZT4, ZT8, ZT12, ZT16, ZT20. Ndani ya kabati walikaa nzi wa matunda kwa mamia, kwenye vichupa vyenye uji mzito wa mahindi, hamira na sukari. Kazi yangu usiku ule ilikuwa kutoa kundi moja kila baada ya saa nne, kuligandisha kwa barafu kavu, kutikisa kichupa mpaka vichwa vikatike, kisha kuchekecha, ili tupime namna saa iliyo ndani ya mwili wa nzi inavyokwenda. Viwiliwili hubaki kwenye chekeche la juu, vichwa hunaswa kwenye la pili, miguu na mabawa hudondoka chini. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili Marekani, majira ya baridi, na usingizi nilikuwa nauona kwa wenzangu tu.

Herufi ZT zinatokana na Zeitgeber, neno la Kijerumani lenye maana ya kitoa-wakati, yaani kile kinachouambia mwili kwamba kumekucha. ZT0 ni pale taa ya kabati inapowaka, ZT12 ni pale inapozimika. Wenzangu walikuwa na kawaida ya kusimama mbele ya karatasi ile wakihesabu kwa vidole, maana taa zetu ziliwekwa ziwake saa tatu asubuhi, na mtu akiambiwa ZT8 lazima apige hesabu ajue saa ya ukutani itasema nini. Mimi ya ukutani niliiachia simu inikumbushe. ZT8 niliisoma saa nane mchana. ZT20, ukiondoa kumi na mbili kama tunavyofanya tangu utotoni, ni saa nane usiku. Kunakucha, inapita saa moja, basi ni saa moja. Nzi wale walikuwa wanasoma saa ya Kiswahili, na katika jengo zima ni mimi tu niliyekuwa naisoma pamoja nao.

Mama alinipigia wakati mmoja nikiwa na kichupa mkononi. Shikamoo, marahaba, halafu swali lake la siku zote: "Huko kwenu saa hizi saa ngapi, mwanangu?" Tanga ilikuwa saa saba mchana. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na moja alfajiri. Nzi walikuwa saa nane usiku. Nikamwambia, Mama, inategemea unamuuliza nani.

Humu ndani nitafuata ya nzi. Kila saa ya mwilini nitakayoitaja imehesabiwa tangu alfajiri yao.

Nianze na tangi la maji. Nyumba yenye tangi juu ya paa ina boya ndani yake: maji yakipanda boya linapanda nayo na kufunga koki, maji yakishuka boya linashuka na kufungua. Boya zima halina hadithi, maji hukaa usawa uleule kutwa kucha. Sasa chukua boya bovu, zito, linalochelewa kwa saa kadhaa. Tangi linajaa nalo bado halijafunga. Likija kufunga, linaganda hapo hapo hata watu wa nyumba wakimaliza maji yote, ndipo linajikongoja kufungua. Tangi hilo litajaa na kukauka, litajaa na kukauka, na ukilizoea unaweza kutazama usawa wa maji ukasema ni saa ngapi. Fundi atakwambia boya limekufa. Kwa seli, boya la namna hiyo ndilo linalotakiwa.

Boya la nzi ni protini iitwayo PER. Jeni inayoitengeneza inaitwa period. Juu ya DNA, karibu na jeni hiyo, hukaa protini mbili zinazoshikana, CLOCK na CYCLE, na hizo ndizo mkono unaofungua koki: zikikaa pale, jeni inanakiliwa, nakala ya RNA inatoka nje ya kiini, na huko kwenye ute wa seli inasomwa na kuundwa PER. Baadaye PER inarudi ndani ya kiini, inawakamata CLOCK na CYCLE, na koki inafungwa. PER yenyewe ikishasagwa, wale wawili wanapata nafasi tena. Mzunguko mmoja, karibu saa 24.

Maelezo ya magazetini huishia hapo, na mimi nilipokuwa kidato cha sita ningetosheka. Lakini ukikumbuka boya unaona kuna jambo halijaelezwa. Seli ikijiendea mwendo wake wa kawaida, kunakili jeni, kuunda protini na kuirudisha kwenye kiini si kazi ya kutwa. PER ingerudi mapema, ingefunga koki mapema, na tungekuwa na boya zima, maji usawa uleule, hakuna saa. Kwa hiyo swali zito kwa seli ya nzi ni hili: ucheleweshaji wote ule inautoa wapi?

Kabla sijajibu, nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna jaribio moja ambalo kila nikilisimulia nasisimka. Mwaka 1971, Ronald Konopka na mwalimu wake Seymour Benzer, wa chuo cha Caltech, California, walichapisha habari ya nzi watatu. Konopka aliwalisha nzi kemikali inayoharibu DNA, kisha akatazama watoto wao wanatoka saa ngapi kwenye pupa, yaani ganda ambamo buu hugeuka nzi. Nzi wa matunda kwa kawaida hutoka karibu na alfajiri, wakati hewa bado ina unyevu. Hata jina lao la kisayansi, Drosophila, maana yake ni mpenda umande. Konopka alitafuta wanaotoka saa zisizo zao. Akapata ukoo mmoja wenye siku ya saa 19, mwingine wenye siku ya saa 28, na wa tatu usio na saa kabisa, wanatoka usiku, mchana, wakati wowote. Alipotafuta hitilafu zilipo kwenye kromosomu ya X, zote tatu zikaangukia mahali pamoja.

Ukigusa sehemu moja ya mashine, ikaharakisha. Ukaigusa vingine, ikazubaa. Ukaivunja, ikasimama: hapo huna shaka mkono wako uko kwenye saa yenyewe. Wakati ule wengi hawakuamini kwamba jeni moja inaweza kutawala jambo kama desturi ya mnyama. Sehemu ile ndiyo iliyopewa jina la period. Mwaka 1984 jeni yenyewe ilipatikana, kwa mashindano makali, na Jeffrey Hall na Michael Rosbash wa Chuo Kikuu cha Brandeis upande mmoja, na Michael Young wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, upande wa pili. Mwaka 1990 Paul Hardin, akiwa na Hall na Rosbash, alionyesha kwamba RNA ya period hupanda na kushuka kila siku, na kwamba protini yake ina mkono katika kupanda na kushuka huko. Hall, Rosbash na Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Benzer alikuwa amefariki mwaka 2007, Konopka mwaka 2015, na marehemu hawapewi tuzo hiyo.

Haya, ucheleweshaji.

Kuanzia kama saa sita mchana CLOCK na CYCLE wako kazini na RNA ya period inapanda. Inafika kilele kati ya saa moja na saa tatu usiku. Mtu angetegemea PER nayo ijae wakati huohuo, lakini ukikata vichwa saa moja usiku ukaipima, unakuta kidogo mno. Inatengenezwa na kusagwa, inatengenezwa na kusagwa. Anayefanya hivyo ni kimeng'enya kilichogunduliwa mwaka 1998 katika maabara ya Young, kikaitwa Doubletime. Hubandika fosfati, vikundi vidogo vya kemikali, juu ya PER, na PER yenye fosfati za kutosha mahali fulani hutambuliwa kama takataka.

Hapo anaingia wa pili, TIM, kutoka jeni iitwayo timeless, iliyopatikana katika maabara hiyohiyo mwaka 1994. TIM naye hutengenezwa jioni, kwa amri ya CLOCK na CYCLE walewale. Akishakuwa mwingi, hushikana na PER, na PER aliyeshikwa na TIM hasagwi kirahisi. Sasa ndipo PER inaanza kubaki. Wawili hao hujikusanya nje ya kiini, na mnamo saa sita usiku huanza kuingia ndani. Kilele cha PER ni kati ya saa nane na saa kumi usiku, saa kadhaa baada ya kilele cha RNA yake. Kwa nini ilinibidi nikeshe na chekeche, sasa umejua.

Kuna kitu kingine ambacho hakionekani mpaka ukipime mwenyewe. PER ya saa nane usiku na PER ya alfajiri hazifanani. Tukizipitisha kwenye jeli ya kutenganishia protini, ile ya alfajiri hutembea polepole zaidi, kwa kuwa usiku kucha imekuwa ikibandikwa fosfati moja baada ya nyingine. Mimi hufikiria faili la ofisi ya serikali. Faili haliendi mezani kwa mkubwa mpaka liwe na muhuri wa dirisha la kwanza, kisha la pili, na kila dirisha lina foleni yake. Mihuri ya kwanza inairuhusu PER kuingia na kufanya kazi, ya mwisho inaipeleka kusagwa. Urefu wa usiku wa seli kwa sehemu kubwa ni urefu wa foleni hiyo. Ukibadilisha kiungo kimoja tu (asidi amino) katika mnyororo wa PER, mahali pa mihuri, unapata nzi wa Konopka mwenye siku ya saa 19.

Hapa kuna jambo linaloudhi akili. Doubletime, mharibifu anayesaga PER jioni nzima, ndiye anayeifanya ichelewe. Bila yeye hakuna mdundo. Nzi ambao kimeng'enya hicho kimeharibika kabisa hawafiki hata utu uzima.

Kisha kunakucha, na mwanga unaingia kwa njia ambayo kwetu binadamu haipo. Nzi ana protini iitwayo cryptochrome, yaani CRY, ndani ya seli zake za saa zenyewe. Fuvu la nzi ni jembamba, mwanga unapenya. CRY ikipigwa na mwanga wa buluu hubadilika umbo na kumshika TIM, na TIM anasagwa. PER inabaki bila mlinzi, imejaa mihuri, na protini nyingine iitwayo SLIMB inaitia alama ya kwenda kwenye mashine ya kusaga. Asubuhi ikisonga PER imekwisha kwa sehemu kubwa. CLOCK na CYCLE wanabaki huru, na habari inaanza upya.

Nalijua hili la CRY kwa makosa yangu mwenyewe. Usiku tulifanya kazi kwa taa nyekundu, kwa sababu mwanga mwekundu hauisumbui CRY. Usiku mmoja, kwa nzi ilikuwa saa tatu usiku, nilirudi kuchukua daftari nililolisahau juu ya rafu ndani ya kabati la pili. Nikafungua nikiwa na tochi ya simu. Daftari lilikuwa limeanguka nyuma ya rafu. Nilitafuta kwa dakika kama kumi, tochi ikiwamulika nzi walioandaliwa kwa jaribio la mwenzangu.

Nzi hao walikuwa kwenye vimirija vya kioo, kila mmoja peke yake, chakula upande mmoja na pamba upande mwingine, na miali ya taa isiyoonekana ikikatiza katikati; nzi akipita anahesabiwa. Baada ya siku tatu za giza tupu tulifungua grafu. Mistari yote ya kabati lile ilikuwa imesogea upande wa kuchelewa kwa karibu saa tatu. Nzi walikuwa wanaamka kwa kuchelewa, wote kwa pamoja, kama abiria wa ndege iliyotoka mbali. Mwenzangu alinitazama tu. Msimamizi alisema kosa langu limekwisha chapishwa na watu miaka mingi kabla sijazaliwa, niende nikasome.

Nilisoma, na nikaelewa saa kuliko nilivyokuwa nimeielewa darasani. Saa tatu usiku RNA ya TIM ni nyingi. Mwanga ukimsaga TIM, seli ina malighafi ya kumtengeneza upya, lakini imepoteza muda. Usiku unarudi nyuma, na saa inachelewa. Kama ningemulika saa tisa usiku ingekuwa kinyume chake. Wakati huo TIM yuko ndani ya kiini na RNA yake imeshuka. Ukimsaga hana wa kumrithi, PER inaachwa wazi, na usiku unakatika kabla ya wakati: saa inatangulia. Tochi ileile, dakika zilezile, na jibu linategemea tu protini hizo zimefika wapi katika safari yao. Seli haina mshale wala namba, lakini inajua alfajiri ya kweli na alfajiri ya simu ya mtu mzembe zimeangukia wapi katika usiku wake, na inajisahihisha kuzifuata zote mbili.

Mpaka miaka ya karibuni picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya sukari kwenye chai: PER imetawanyika sawasawa ndani ya kiini. Mwaka 2021 maabara ya Swathi Yadlapalli, Chuo Kikuu cha Michigan, ilitazama seli za saa za nzi zikiwa bado hai na kuona vingine. Wakati wa kufunga koki, PER hukusanyika kwenye mafungu machache, pembezoni mwa kiini, kwenye upande wa ndani wa utando wake. Ni kama wazee barazani. Jeni za saa nazo wakati huo huonekana zimesogezwa pembeni, karibu na baraza hilo; wakati wa kufungua, ziko ndani zaidi. Nilipoiona picha yao nilikuwa nimeshaacha maabara, na nilikaa nayo kwenye simu siku nzima. Sisi tulikuwa tunasaga vichwa mia kwa pamoja na kupima wastani. Hakuna baraza linaloonekana kwenye uji.

Seli za neva zinazoongoza saa katika ubongo wa nzi ni chache, kati ya 150 na 250 kutegemea nani kahesabu na kwa njia gani. Lakini saa haiko ubongoni tu. Mwaka 1997 watafiti walichukua jeni ya kimulimuli inayotoa mwanga wakaiunganisha na period. Nzi huyo aling'aa na kufifia kila siku, na kilichowashangaza ni kwamba vipande vyake vilivyokatwa na kuwekwa kwenye sahani, kipande cha mguu, cha bawa, cha kifua, viliendelea kung'aa na kufifia kwa mdundo, tena vikifuata mwanga vyenyewe.

Joto nitalipita haraka, ingawa lina makala yake. Kwa kawaida mambo ya kemia huenda mbio joto likipanda. Saa hii haiendi mbio. Colin Pittendrigh alilionyesha hilo kwa nzi tangu 1954. Nzi wa Lushoto kwenye ukungu na nzi wa Tanga mjini wana siku ya urefu uleule.

Mtu ataniuliza haya yanamhusu nini. Sisi pia tuna PER, za aina tatu, na kimeng'enya cha ukoo mmoja na Doubletime kinachozibandika fosfati. Mwaka 2001 watafiti wa Utah walieleza habari ya familia ambayo watu wake husinzia kama saa moja na nusu jioni na kuamka saa kumi na nusu alfajiri, vizazi na vizazi. Hitilafu ilikuwa kwenye PER2, mahali pa muhuri. Kiungo kimoja kimebadilika, mihuri inagongwa vibaya, na usiku mzima wa mtu unasogea. Nilimsimulia Mama akasema basi bibi yako alikuwa nao ugonjwa huo, maana adhana ya alfajiri ilikuwa inamkuta ameshafua. Nikamwambia hapana, bibi alikuwa na wajukuu kumi na mmoja na bomba lilitoka maji usiku.

Kwetu lakini mwanga hauingii kwenye kila seli. Unapita machoni, unakwenda kwenye fundo dogo la ubongo, na fundo hilo ndilo linalowaambia wengine. Anayerudi kutoka zamu ya usiku na jua la saa mbili asubuhi usoni anapokea kwa macho amri ileile niliyowapa nzi wale kwa tochi.

Halafu kuna suala la kwao. Nzi wa matunda tunamwona kama mdudu wa kila mahali, lakini asili yake ni Afrika, upande wa kusini na kati ya bara hili. Mwaka 2018 watafiti walieleza kwamba waliwakuta porini katika milima ya Matobo, Zimbabwe, wakifuata matunda ya mng'ong'o, huku wakiwa mbali kabisa na ndizi na mapipa ya takataka ya watu. Nilipokuwa kule kwenye theluji nilifikiria sana kabati lile. Mwanga saa 12, giza saa 12, nyuzijoto 25. Wataalamu wanaita hali ya kawaida ya maabara. Hiyo ni siku ya Mwanza! Maabara nyingi duniani, zilizozungukwa na usiku wa baridi usioisha, hulipia umeme ili kutengeneza siku ya huku kwetu ndani ya kabati, kwa ajili ya mdudu wa huku kwetu.

Siku hizi niko Tanga. Wiki iliyopita Mama aliacha mkungu wa ndizi zilizoiva mezani jikoni, na wao wakaja, vijidudu vyenye macho mekundu. Nikachukua daftari. Saa moja asubuhi, kumi na wanne. Saa sita mchana, wawili, wamekaa tu kwenye kivuli cha mkungu. Wana usingizi wa mchana kama watu wa pwani. Saa kumi, watano. Saa kumi na moja na nusu jioni, kabla giza halijaanza kuingia, niliacha kuhesabu.

"Unaandika nini?" Mama akauliza.

"Nawasoma saa, Mama."

Akatikisa kichwa, akachukua kawa, akazifunika ndizi.